Pini Tatu za Wembe wa Baba

Nimekana kwa miaka mingi, na waliokuwa wakiuliza wamechoka kuuliza, kwa hiyo nakiri bila kushurutishwa: ni mimi niliyetoa pini za wembe wa baba. Yule fundi wa Arusha anayesifiwa kwa kazi hiyo hakuwahi kuwepo. Baba alimtunga kwa sababu, kwa maneno yake, hakuna mwanamume wa Karatu atakayeukabidhi koo lake wembe uliogongwagongwa na binti. Hadi leo nikiyakumbuka maneno hayo natafuta kitu cha kupiga teke.

Baba alilima mahindi na maharage, na siku za mnada alikuwa kinyozi. Alikuwa na kiti, kioo, na wembe wa kukunja wenye mpini mweupe kama samli iliyoganda. Wembe huo alipewa na mzungu wa shamba la kahawa kule Oldeani, aliyemtumikia tangu ujana. Mzungu alipofunga virago, baba alitarajia kiinua mgongo. Akapewa wembe. "Hii ni pembe ya ndovu," aliambiwa, "itakutosha." Tulilelewa na sentensi hiyo. Mgeni akija nyumbani, mpini ulitolewa, ukafutwa kwa kitambaa, ukapitishwa mkono kwa mkono.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa likizo kutoka chuo kikuu, akaja bwana nyama. Ndivyo tulivyowaita maofisa wa wanyamapori, na yule alilipenda jina. Alikaa, akapakwa povu (siku zile sabuni tuliipangia foleni), akanyolewa shavu la kulia, kisha akaudaka mkono wa baba.

"Mzee, huu mpini ni wa nini?"

"Wa wembe."

Waliokuwa wakisubiri zamu wakacheka. Nafikiri kicheko hicho ndicho kilichotuponza.

"Hii ni pembe ya ndovu. Nyara ya serikali. Kibali kiko wapi?"

"Nilipewa, kijana wangu. Mimi sijui pembe, sijui mfupa."

Nilikuwa pembeni, nimejaa elimu. Nikajitosa, nikataja haki za raia.

"Unasoma sheria, dada?"

"Fasihi."

Alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

Alitaka kuondoka na wembe mzima. Baba akamwambia chuma hakikuota kwenye mdomo wa tembo. Kama ni mpini, achukue mpini, amwachie riziki yake. Bwana nyama akakubali, kwa sharti kwamba mpini ufike ofisini kwake kesho yake, upelekwe Arusha kupimwa, na usiwe na ufa hata wa unywele. "Ukipasuka, Mzee, nitaandika umeharibu ushahidi. Siku hiyo sitakuja kunyolewa, nitakuja na pingu."

Kisha akageuza uso ili amaliziwe shavu la kushoto. Kwa wembe uleule wa haramu!

Mpini wa wembe wa kukunja ni vipande viwili vilivyobanwa kwa pini nyembamba za shaba, na kila pini imefuliwa kichwa huku na huku juu ya kiduara kidogo cha bati. Ukiing'oa kwa koleo, mpini unapasuka. Ukiigonga kabla ya kuondoa kichwa, unapasuka. Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini mikono yake, ambayo haikuwahi kutikisika kwenye koo la mtu, siku hiyo ilitikisika kwa hasira. Akanipa tupa.

"Umeishika kama mwiko."

"Baba, niache."

"Hupaki siagi hapo. Taratibu. Upande mmoja tu!"

Tulikata kipande cha bati, tukakitoboa tundu la kupitisha kichwa cha pini, tukakilaza juu ya mpini ili tupa isiukwaruze. Nikapiga tupa mpaka kichwa kikawa sawa na kiduara chake. Nikapumua. Mpini ukalazwa juu ya ubao wenye shimo, pini ikielekea shimoni, nami nikaisukuma kwa spoku ya baiskeli tuliyokuwa tumeichonga ikawa nyembamba kuliko pini yenyewe. Nyundo ilikuwa ya kugusa tu. Pini ya kwanza ilidondoka bila sauti. Ya pili nikajigonga kidole, nikasema neno ambalo sikulijifunza chuoni. Ya tatu, ile inayoshika chuma, iligoma. Mama akaleta mafuta ya kupikia kwenye kijiko, tukaidondoshea, tukasubiri, ikatoka.

Hapakuwa na ufa. Baba aliugeuzageuza mpini dirishani, akausugua kwa kidole gumba.

"Fundi wa Arusha amefanya kazi nzuri," akasema.

Nilidhani ni utani. Kesho yake nikamsikia akimwambia bwana nyama vilevile, uso mkavu, nami nimesimama hapo na kidole kimefungwa kitambaa. Nikakificha mgongoni. Mpini ukapelekwa Arusha kwa jina la fundi ambaye hakuzaliwa.

Zikapita siku za baba kunyoa kwa chuma kilichofungwa kwenye kijiti, wateja wakimwita mfungwa mtarajiwa. Mama hakulala vizuri. Ndipo tukaitwa posta, simu ya Arusha. Baba hakuipenda simu, kwa hiyo niliipokea mimi. Sauti ilikuwa ya mbali, ya mtu anayekula. Akasema wameugusisha mpini sindano ya moto, ukayeyuka na kunuka. Mzee hana kesi, aje auchukue. Plastiki.

"Wanasemaje?" baba akauliza.

"Hakuna kesi, baba! Ni plastiki."

Nilitegemea afurahi. Alisimama kama mtu aliyevuliwa kofia kwa nguvu. Kisha akaninyang'anya simu, akaishika kinyume, akaigeuza.

"Plastiki ya nani?" alifoka, posta nzima ikageuka. "Sikiliza, kijana. Nimemfanyia yule mzungu kazi tangu sijaota ndevu. Hebu pimeni tena!"