Kopo Lisilo na Lebo

Mama Kijiko hakuwa mtu wa kuhangaika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na saluni ya viti viwili, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na stuli ya kukalia anaposuka. Juu ya stuli ile aliweza kukaa asubuhi hadi jioni, ulimi ukifanya kazi sawa na vidole. Kwa hiyo Jumatatu ile alipoinuka mara ya nne kwenda kuosha beseni ambalo lilikuwa safi, mteja aligeuza shingo.

"Mama Kijiko, leo una nini? Umekuwa kama kuku anayetaka kutaga."

"Kaa sawa, nitakupindisha njia za nywele."

"Ukiinuka tena najisuka mwenyewe."

Kilichokuwa kinamwinua ni karatasi, na karatasi yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya binti yake.

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, ni fundi cherehani. Tangu ana miaka kumi na minne kifua chake kilimzidi mwili. Mikanda ya sidiria ilimchimbia mifereji mabegani, mifereji ambayo ungeweza kulaza kidole ndani yake. Kutwa ameinamia cherehani, na akirudi nyumbani hujinyoosha sakafuni kwanza, chali, mpaka shingo ikubali kugeuka. Baada ya kusubiri miaka miwili, hospitali ilimpa tarehe ya kupunguzwa matiti: Alhamisi ya wiki ile. Majirani hawakukosa la kusema. Wakadai anakwenda kukatwa urembo. Yeye akawajibu, "Njooni mnibebee wiki moja tu, halafu tuongee."

Jumapili iliyotangulia walikaa mezani kujaza fomu ya hospitali. Mama alikuwa anasoma, binti anaandika. Wakafika pale panapouliza: dawa, mafuta, miti shamba au vipodozi unavyotumia. Binti akaandika bila kusitasita: mafuta ya kawaida.

Hapo ndipo mama alipouona mkono uliokuwa unaandika. Juu kidogo ya kiganja palikuwa na mchubuko, mwekundu, umelowa kama wa jana.

"Hicho kidonda umekipata lini?"

"Mkasi uliniponyoka. Wiki ya nne sasa. Kitapona tu, Mama."

Wiki ya nne! Na huyo ni mtoto ambaye zamani alikuwa akianguka asubuhi, jioni kidonda kimeshakauka. Mama Kijiko akasema "ehe" na kuinuka kwenda kutazama jiko lisilokuwa na kitu juu yake.

Ngojeni niwaeleze kilichokuwa kinamwasha. Hayo mafuta ya kawaida aliyachanganya yeye mwenyewe, chumba cha nyuma cha saluni, na jina lake la Mama Kijiko lilitokana na kijiko anachopimia. Watu walitoka mitaa mitatu mbali kuja kuyachukua. Ukimuuliza yana nini, atakwambia parachichi na mshubiri. Hapo hakusema uongo mtupu, maana parachichi lilikuwemo. Asichosema ni kwamba ndani ya kila kopo la losheni alikamua tyubu tatu za dawa ya ngozi: moja yenye kifuniko chekundu, moja cha bluu na moja cheupe. Chunusi zilikauka kwa wiki moja, uso ukang'aa, mteja akaleta wifi yake. Na kwa kuwa kila fundi ana siri yake, na wasusi wenzake walikuwa na macho makali, aliziloweka tyubu zote kwenye maji ya moto na kuzibandua maandishi. Mtu akifungua droo yake ataona tyubu zilizo uchi, aondoke na kiu yake.

Aliwahi kuona mambo, ila alipita nayo pembeni. Mishipa myembamba iliyojichora mashavuni mwa wateja wa zamani. Mmoja aliyebandua plasta ikatoka na ngozi. Kila mara alijiambia hiyo ni ngozi yake tu. Sasa kidonda kilikuwa mkononi mwa mwanawe, na Alhamisi mtu angekuja na kisu kuongeza vingine virefu zaidi.

Jumanne hakufungua saluni. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee wa Begi, muuza vipodozi wa kutembeza aliyemletea tyubu miaka yote. Akamkuta kivulini mwa ukuta wa benki, begi katikati ya miguu.

"Nataka kujua jina la hii," Mama Kijiko akasema, akamwonyesha ya kifuniko chekundu.

Mzee wa Begi aliigeuza mara mbili. "Jina umelibandua mwenyewe, shemeji, unaniuliza mimi?"

"Boksi lake liko wapi? Si huwa na karatasi ndani?"

Yule mzee akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Wewe mama una vituko. Si wewe uliyenikataza maboksi? 'Usinitembezee maboksi, watu watasoma.' Nayatupa hukohuko ninakonunua."

"Lakini ni ileile ya siku zote?"

"Kifuniko ni kilekile." Akaacha kucheka. "Kiwanda sijui. Tangu mwaka jana nachukua kwa mtu mwingine. Kuna nini? Kuna aliyeungua?"

Mama Kijiko akaichukua tyubu yake. Alirudi kwa miguu, akapita hata mlango wa saluni yake bila kuuona, ikabidi ageuze. Akafikiria kunyamaza. Tarehe ilisubiriwa miaka miwili. Akisema, tarehe inakwenda, na saluni inakwenda nayo. Akinyamaza, huenda pasitokee kitu. Watu wangapi wamepasuliwa na wakapona? Akaketi. Akasimama. Akaufuta ule ufa wa kioo kana kwamba ni uchafu.

Jumatano ilikuwa siku ya mwisho ya kumwona daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimpima binti, akachora alama, akasoma fomu. "Mafuta ya kawaida," akasoma kwa sauti, akataka kugeuza ukurasa.

"Si ya kawaida," Mama Kijiko akasema.

Wote wawili wakamtazama. Akafungua mkoba, akatoa kopo na tyubu tatu zisizo na maandishi, akazipanga mezani. Moja ikabingirika, daktari akaidaka.

"Mama, si ulisema ni parachichi?" Binti alisema kwa sauti ndogo.

"Parachichi limo."

"Kiasi gani?"

"Kijiko kimoja, mwanangu."

Daktari hakupiga kelele. Aliuliza binti anajipaka wapi. Mwili mzima, tangu kidato cha pili. Mara ngapi? Asubuhi na jioni. Akaushika ule mkono wenye mchubuko, akabana ngozi taratibu kwa vidole viwili, akaiachia. Kisha akauliza tyubu zile zinaitwaje.

"Sijui, daktari. Nilizibandua."

"Basi hata mimi sijui, na kesho siwezi kukata nisichokijua. Nadhani moja au mbili ni dawa kali za ngozi, zile zinazotolewa kwa cheti, za siku chache na mahali padogo. Ukizipaka miaka, ngozi inakonda na vidonda vinachelewa kufunga. Zikiingia mwilini sana, mwili unazoea kuletewa homoni na kusahau kujitengenezea yake, na hilo ni hatari mtu akiwa chini ya dawa ya usingizi. Mafuta mengine ya kung'arisha huwa na zebaki, inayoharibu figo. Kwa hiyo tutapima damu na mkojo, na kopo hili litakwenda maabara."

"Lakini ungenishona vizuri tu," binti akasema. Alikuwa bado anaishikilia Alhamisi yake.

"Wewe ni fundi, sivyo? Umewahi kupewa kitambaa kilichooza?"

Binti akautazama mkono wake. Kisha akasema polepole, "Sindano inapita, ila uzi haushiki."

"Ndiyo hivyo. Nami nitakuwa nimeshakata."

Tarehe ikafutwa. Labda miezi minne, labda zaidi, kutegemea vipimo. Daktari akamwandikia namna ya kuyapunguza mafuta kidogo kidogo chini ya kliniki ya ngozi, akasisitiza asiyaache kwa siku moja, maana ngozi ingewaka moto na mwili ungeweza kulegea.

Njiani binti alitangulia hatua kumi. Mama alikazana kumfikia, akifika, binti anaongeza mwendo. Kwenye kona ya maduka ya vitambaa binti akasimama ghafla.

"Ungenyamaza, kesho ningekuwa kitandani wodini."

"Najua."

"Na ningepata nini, sijui." Akajifuta pua kwa kiganja. "Usidhani nimekusamehe. Bado sijafika huko. Ila kesho nilishaomba ruhusa kazini. Nitashinda saluni kwako. Kila atakayekuja kuchukua kopo, utamwambia mwenyewe, na mimi nasikia."

"Wote?"

"Wote. Umewapaka wote."

Alhamisi saa mbili asubuhi binti alikuwa kwenye kiti cha mteja, mgongo ukiuma kama kawaida, mikono kifuani. Wa kwanza kuingia alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mteja wa miaka kumi na moja, amebeba kopo tupu.

"Nijazie haraka, dada, kengele inanisubiri."

Mama Kijiko alisimama. Alimweleza yote, tyubu, maandishi, daktari. Akamwomba asiyaache mafuta ghafla, aende kliniki na kopo lake, aseme lilitoka kwake. Mwalimu alisikiliza mkono ukiwa shavuni. Kisha akauliza:

"Binti yangu wa miaka sita huwa nampaka haya. Nianzie wapi?"

Mama Kijiko alimtazama mwanawe. Binti alikuwa tayari ameinuka, ameshika mkoba.

"Twende wote kliniki," akasema. "Njia tunaijua. Mama, wewe kaa hapa. Wengine wanakuja."

Na kweli, mlangoni palishaanza kupigwa hodi.