Majirani wa Wenbury

Lionel Probert aliendesha lori la maziwa karibu maisha yake yote ya utu uzima. Alfajiri alikuwa barabarani, akiingia shamba hili na kutoka lile katika vichochoro vya Herefordshire, na popote alipokata kona kilima cha Wenbury kilikuwa mbele yake au ubavuni. Kwa mbali kilionekana kama mkate uliokaliwa. Ukikaribia ndipo ulipoona matuta ya udongo yaliyokizunguka, tuta juu ya tuta, na mahandaki katikati yake: ngome ya kale. Watu waliochimba ngome ile walikufa kabla Warumi hawajatia mguu nchini, na majina yao hakuna mtu ayajuaye.

Hakuwahi kupanda mpaka mama yake alipofariki. Walikuwa wakiishi wawili tu, yeye na mama, na Jumapili ya kwanza baada ya mazishi aliona nyumba imenyamaza kupita kiasi. Akavaa buti, akaondoka bila kujua anakokwenda. Alipita kwenye shamba la Avis Gwilliam, mjane aliyefuga kondoo chini ya kilima, akapanda njia ya kondoo mpaka akatokea langoni mwa ngome, pale matuta mawili yanapokaribiana kama mabega. Akaingia. Hapakuwa na kitu ila nyasi, upepo, na milima ya Wales iliyolala buluu upande wa magharibi. Lakini Lionel alikaa pale hadi baridi ikampenya mifupani. Baadaye, wenzake kazini walipomtania kwamba labda anachimba dhahabu huko juu, alishindwa kuwaeleza. Alichojua ni kwamba nyumbani alikuwa peke yake, ila kule, pasipokuwa na mtu, hakuwa peke yake.

Thelma alimkuta huko mwaka wa pili. Alikuwa mshonaji wa mapazia, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kukohoa, na mbwa wake mdogo aliitwa Pip. Naye alikuwa mgonjwa wa ngome. Alikwishapanda nyingi, za huku na za mpakani mwa Wales, na alimwonyesha Lionel jambo ambalo hakuwahi kuliona: ndani ya tuta, jua likilala chini, ardhi ilikuwa na vibonde vya duara. Hapo palikuwa na nyumba za wale wa zamani, Thelma alisema, na moja akajitwalia.

"Hii yangu," alisema, akaketi katikati na chupa yake ya chai. "Wewe chukua ile pale. Lakini usinipigie kelele usiku, jirani."

Tangu siku hiyo wakaitana jirani. Jumapili Lionel akifika alisimama ukingoni mwa kibonde na kupiga hodi, naye Thelma alimwacha asimame kidogo, ati anafagia, kabla ya kumkaribisha. Walikula mkate kwa jibini na achari ya vitunguu. Waliongea juu ya wale wa zamani: nani alichota maji mbali namna ile, nani alikesha tutani akitazama moto wa maadui, mama gani aliita watoto wake jioni na kwa lugha gani. Wakati mwingine walisikiliza tu. Ndege wadogo wa kahawia walipanda angani wakiimba mpaka wakapotea machoni. Lionel alimjua Thelma kwa jina moja tu, na kwamba anatokea upande wa Leominster. Hakuuliza zaidi. Alidhani Jumapili hazina mwisho.

Kisha mwaka 2001 ukaja ugonjwa wa miguu na midomo. Kufumba na kufumbua, njia zote za mashambani zilifungwa kwa kamba na vibao vya onyo. Lori la Lionel lilipita juu ya majani makavu yaliyoloweshwa dawa kwenye kila geti, na zipo asubuhi alizoona moshi wa mifugo inayochomwa ukiziba bonde zima. Kondoo wa Avis hawakuugua, lakini wa jirani yake waliugua, ikawa basi. Kwa amri ya serikali waliuawa wote siku moja, wazima na wagonjwa. Lionel alimkuta mama wa watu amesimama uani na ndoo tupu mkononi, akashuka kwenye lori akasimama naye.

Majira yote ya kuchipua alikitazama kilima kupitia kioo cha lori. Kilikuwa palepale, karibu kiasi cha kuhesabu miti, na hakikupandika. Ndipo alipogundua kwamba si kilima tu anachokitamani. Jumamosi alizurura sokoni Leominster akichungulia kila mbwa mdogo aliyefungwa kamba. Usiku alitunga maneno ambayo angemwambia Thelma, na kulipopambazuka akayaona ya kijinga.

Njia zilifunguliwa kiangazi kikiishia. Alipanda Jumapili ya kwanza karibu akikimbia. Nyasi, kwa kukosa kondoo, zilikuwa zimefika kiunoni, na vibonde havikuonekana tena. Alikaa mahali alipodhani ni mlangoni kwa Thelma. Hakuja. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye.

Avis ndiye aliyempa habari, nayo ilimtoka kwa shida.

"Alikuja siku ya kazi, kabla hawajafungua njia. Amembeba yule mbwa mikononi. Akaniuliza habari za bwana wa maziwa, nami nikamwambia sikuoni, labda wamekupunguza kazini. Sikuwa na akili siku zile, Lionel. Akasema nikikuona nikuambie jirani yako amehamia kwa dada yake, Wales, pwani."

"Pwani ya wapi?"

"Hakusema. Nami sikumwuliza."

Lionel hakumlaumu. Alinunua ramani, akatafuta ngome zote za pwani ya Wales, kwa sababu aliamini jambo moja: popote alipo Thelma, hawezi kukaa asipande. Majira yale ya baridi hakuna Jumapili aliyokaa nyumbani. Alipanda kilima baada ya kilima katika mvua ya ubavu, akiwasalimu wachunga kondoo ambao walimjibu kwa lugha yao na kumtazama akienda. Kila ngome ilikuwa na lango lake na upepo wake, na kila mara moyo wake ulidunda akipita kati ya matuta.

Alimpata mwezi wa Aprili, juu ya rasi inayoitazama bahari, amekaa kwenye nyasi bila mbwa. Alikuwa amekonda. Alipomwona hakuinuka.

"Nilidhani umekufa," alisema. "Au umepata mke."

"Nilikuwa nakutafuta."

"Tangu lini?"

"Tangu walipofungua njia."

Thelma akageuza uso kwenye bahari. Lionel akaona hapo ndipo, leo au kamwe, akamwambia: kwamba ana nyumba, kwamba ni kimya, kwamba angependa aje wakae majirani wa ukuta mmoja. Thelma alicheka kile kicheko chake cha kukohoa, kisha akalia. Dada yake alikuwa hajiwezi, alisema, halishwi wala hageuzwi na mtu mwingine. Hawezi kumwacha. Na Lionel je, angeweza kuhamia huku? Lionel alifikiri juu ya Wenbury, na juu ya kaburi la mama yake, akakawia kujibu. Thelma akamshika mkono. "Usijibu," alisema. "Nimekwisha kusikia."

Walichagua ngome iliyo katikati ya njia, mpakani, wakakutana huko mara moja kwa mwezi kwa miaka mingi. Walizeeka pale, wakipanda polepole zaidi kila mwaka, wakipumzika kila tuta. Dada mtu alimzidi Thelma kwa umri na kwa ugonjwa, lakini Thelma ndiye aliyetangulia, kwa kifua, majira fulani ya baridi. Jirani wa huko alimpigia Lionel simu baada ya mazishi. Hakuna aliyejua kwamba anastahili kuambiwa mapema.

Sasa Lionel amestaafu na magoti yamemchoka. Avis, ambaye alianza tena na kondoo wachache, humpandisha kwa gari lake la shambani hadi langoni mwa Wenbury, humwacha hapo na kushuka. Nyasi ni fupi tena. Lionel huketi juu ya tuta la magharibi akitazama Wales, mahali ambapo bahari ipo ingawa haionekani. Jua likitua Avis hupiga honi kutoka chini, mara moja, kisha tena. Lionel husikia. Huinua mkono kumwonyesha amesikia, kisha hukaa kidogo zaidi.