Kumi na Tisa na Tisini na Moja

Mwanangu, siku ile naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa nje ya Tabora, na pacha wangu Kulwa alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari. Mimi, Doto, sikuchaguliwa. Wala sikushangaa, hesabu zilinipiga chenga tangu darasa la kwanza!

Kulwa, maskini, alipenda namba tasa, zile zisizogawanyika. Tukibangua karanga, yeye anazipanga chini. Zikikubali safu zilizo sawa, anazirudisha kwenye ungo. Zikikataa, anacheka peke yake. Alizipenda zaidi zile ambazo hata ukizigeuza tarakimu bado ni tasa, kama thelathini na saba na sabini na tatu. Akiziona hizo ananiita nije nitazame, nami naitikia tu ili afurahi.

Sasa kwetu Unyamwezini mapacha walipewa sawa. Ukimnunulia huyu kanga, na yule mnunulie. Ukimnyima mmoja ataugua, pengine afe, ndivyo wazee walivyoamini. Basi baba akasema hakuna atakayekwenda shule.

Jioni Kulwa akampigia magoti, akamwaga karanga mbele yake.

"Baba, kumi na tisa hazikubali safu. Zigeuze tarakimu, unapata tisini na moja. Tazama, safu saba, kila safu kumi na tatu, haibaki hata karanga. Tarakimu ni zile zile, baba, ila kila namba ina tabia yake. Na mimi na Doto ni hivyo hivyo."

"Nimekusikia, mama," baba alisema kwa upole. Alimpenda mno, na hilo ndilo linaloniuma. "Lakini Doto akifa, karanga zako zitamrudisha?"

Hakwenda. Akaolewa, na uzazi wa kwanza ukamchukua yeye pamoja na mtoto. Tulipotoka makaburini baba alinishika mkono, akalia mbele za watu.

"Doto, hili nimeshindwa kuwagawia sawa."

Mwanangu, nawe unao wawili. Nasikia mmoja ameitwa shule, nawe unamzuia mpaka mwenzake aitwe. Mwache aende. Anayebaki mkumbatie, mtafutie lake, na kwanza muulize. Mimi nilikuwa radhi kubaki, na hakuna aliyeniuliza.

Mungu akukuzie wote wawili, na siku yako ikifika, wao ndio wakuzike wewe.