Washa za difu ya shemeji nimezificha kwenye kopo la iliki

Kosa wanalofanya wengi wanaporudisha difu ya gari ni kuingiza pinioni moja kwanza, kisha ya pili. Zile gia ndogo mbili lazima ziingie pamoja, zikitazamana, na zizungushwe pamoja mpaka matundu yake yalingane na tundu la shafti. Ukitanguliza moja, shafti haipiti hata ugonge nyundo mpaka Magharibi. Na ukiwa peke yako utahangaika, kwa sababu mikono yote miwili inashika gia, hakuna wa kusukuma shafti. Ukumbukeni huo mkono wa tatu unaokosekana, maana ndipo kisa changu kilipo.

Admin, ahsante kwa kunifichia jina. Wanangu wamo humu. Nina miaka sitini na tisa, nakaa Bagamoyo, na nilikuwa mwalimu wa ufundi wa magari hadi nilipostaafu. Mke wangu alifariki mwaka jana. Watoto wako mbali, wanapiga simu kila Ijumaa, sina cha kuwalaumu. Siku za msiba nyumba ilijaa. Ilipopita arobaini mikeka ikakunjwa, masufuria ya watu yakarudishwa, nami nikabaki na nyumba ambayo nikikohoa sebuleni, sauti inanirudia kutoka chumbani.

Marehemu ana mdogo wake wa kiume, nitamwita Sefu, anakaa Mlingotini. Ananunua samaki kwa wavuvi na kuwapeleka Msata kwa gari lake dogo. Dada yake alipokuwa hai, Sefu hakukauka hapa. Anakula, ananitania, anaondoka. Kwetu shemeji ni mtani. Dada alipoondoka, akakosa la kumleta. Hatukugombana. Ni kwamba alikuwa anakuja kwa dada yake, na dada hayupo. Akawa akipita anapiga honi, nami napunga mkono kutoka barazani.

Kisha gari lake likaanza kunguruma kwenye kona, akaniletea. Gari likikata kona, gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu kutofautiana mwendo. Kwenye gari kama lile difu imo humo humo ndani ya giaboksi, kwa hiyo nikaishusha yote. Washa, vile visahani vyembamba vya chuma vinavyokaa nyuma ya gia, zilikuwa zimelika. Hapa hazipatikani, nikaagiza Dar. Basi Sefu akawa anakuja kila siku baada ya Alasiri, anaosha beringi kwa dizeli, anajifunza kushika pinioni, na mdomo haufungi.

“Shemeji, dada yangu ulimwoa ndani ya wiki moja. Hii difu unaichumbia mpaka lini?”

“Dada yako alikuja kamili. Hii haina washa.”

“Alikuja kamili, akakuvumilia wewe na harufu yako ya grisi!”

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu amtaje ndani ya nyumba hii bila kushusha sauti.

Sasa, ndugu zangu, washa zimefika. Zililetwa na basi wiki iliyopita. Nimezipima, ndizo zenyewe. Nikaziweka jikoni, kwenye kopo la iliki la marehemu. Sefu alipokuja akauliza, nikamjibu, “Bado.” Sikupanga kusema hivyo, mdomo ulinitangulia. Kesho yake akauliza tena, na safari hii nilikuwa nimeshapanga.

Jana alichelewa. Shati lilikuwa linanuka maji ya samaki. Gari alilokodi badala ya lake lilikuwa limeharibika njiani kabla ya kufika Msata, barafu ikayeyuka, mzigo wote akaumwaga. Hakunilaumu. Alikaa kwenye kigoda chake, akachukua zile pinioni mbili, akazitazamisha kama nilivyomfundisha.

“Mwalimu, niambie kweli. Hili gari litapona, au nitafute kazi nyingine?”

“Litapona.”

“Lini?”

Niliinuka nikaenda kuchemsha kahawa. Nikasimama mbele ya lile kopo mpaka maji yakafurika na kuzima moto. Nilirudi na kahawa, basi. Sefu akaonja, akaniangalia.

“Shemeji, leo hukutia iliki.”

Alimaliza kikombe, akaaga.

Kazi iliyobaki ni ya alasiri moja. Nikiifunga difu, Sefu atawasha gari na tutarudi kwenye honi na kupunga mkono. Nisipoifunga, nazuia riziki ya mtu pekee anayekuja kukaa nami. Na nikimwambia ukweli, naanzaje? Mtu mzima, mwalimu, nimwambie nilimficha washa ili asiache kuja? Atanisamehe, au hata ile honi nitaikosa? Nipeni maneno, jamani. Leo baada ya Alasiri atakuwa hapa, na kopo liko pale pale.

Na wewe unayesoma, kama kuna nyumba uliyozoea kwenda kwa sababu ya mtu ambaye sasa ni marehemu, nenda leo ukapige hodi kwa aliyebaki.