Kazi Yenye Niliitikia Mbele ya Kuisikia

Bandugu, kila muntu iko na siku moja yenye akiikumbuka mu njia anafunga macho na kuongeza mwendo, juu anaogopa bantu bamuone anajichekea mwenyewe. Yangu ilikuwa siku ya yenga, siku ya kusali, asubui, mu kanisa yetu ya ku kambi ya batumikaji pale Kolwezi, mbele ya bantu bote, mbele ya bibi yangu, na (ile njo iliniua kabisa) mbele ya bukwe yangu, baba ya bibi yangu, muzee yenye alihubiri Neno ya Mungu mu mikini, mu bijiji bya Kamina, miaka mingi kupita ile yenye mi niliishi mu dunia. Haya yenye niliona ile siku, masikio iliwaka moto. Lakini musinihurumie mbio, juu kama mungeniambia lelo nifute ile siku mu maisha yangu, ningekataa.

Ilikuwa mu ile miaka ya Zaïre, wakati tulisha kugeuza majina ya kizungu (mu masomo baliniita Albert, Albert akakufa, Kabeya peke njo alibakia), na kila mwanaume mwenye kujiheshimu alikuwa na abakosti, ile koti yenye haitaki kravati. Yangu fundi mumoja wa Kasulo njo aliishona, rangi ya kahawa, na mabega alizitosha mupana kupita mabega yenye Mungu alinipa. Mi nilikuwa kapita, musimamizi ya ekipe ya pompe mu shimo ya shaba: mvua ikinyesha, maji inajaa chini, shiye njo benye kuitosha. Nilikuwa na bantu sita chini yangu. Haikuwa cheo kikubwa, lakini nilikuwa natembea sawa kikubwa.

Sasa, siku moja ya mvua, niko nainama kuangalia pompe, udongo ya ku kilima iliteremuka. Nilisikia tu sauti sawa vile muntu mukubwa anapumua, na wakati niligeuka, udongo ilikuwa imesimama karibu na bilato byangu ku miguu. Thermos yangu ya chai yenye niliacha pale mbele kidogo, sikuiona tena mpaka lelo. Mi nilikuwa muzima. Nilipiga magoti mu matope, na mu roho yangu nilisikia wazi, sawa muntu ananisemesha: "Na we Kabeya, utanitumikia lini?" Bantu bangu balikuwa banapiga makelele, mi nililia tu. Hii sehemu hakuna kucheka. Ile sauti niliisikia.

Nilienda kumuona Pasta. Nilimuambia yote, na kama niko tayari kwa kazi yoyote. Pasta aliniangalia murefu, akasema: "Muzuri, Tata Kabeya. Ngojea. Mungu atakuonyesha." Mi nilingojea, lakini (nitasema ukweli, juu hatuko mu kanisa sasa) mu kungojea kwangu nilisha kujichagulia kazi. Kanisa ilikuwa inatafuta bazee ba kanisa bapya, bale benye kuikala kule mbele, kando ya Pasta, ku biti bya migongo mirefu. Nilijiona pale. Niliona mpaka vile nitakunja mikono.

Njo ile juma bukwe yangu alifika na masua ya moshi, treni, kutoka Kamina, kutuangalia. Muzee mukavu, wa maneno kidogo. Wakati ya kuoa binti yake aliniuliza neno moja tu: "We ni muntu wa kusema ao wa kufanya?" Nilimujibu saa nzima. Bibi yangu Kabange anasema kama ile jibu, ilibakia kidogo ininyime ndoa.

Siku ya tano ya ile juma, rafiki yangu Tata Mwepu, mwimbaji wa kwaya, alinikuta ku robine ya maji. "Kabeya, siku ya yenga karani atasoma majina. Yako niliiona ku listi!" Sikuuliza listi gani. Muntu mwenye kuwaza angeuliza. Mi nilirudia ku nyumba kuandika maneno ya kusema, karatasi mbili, mbele na nyuma.

Siku ya yenga tulivaa, tulitoka, tulifika mpaka karibu na kanisa, na pale njo nilifanya kale kakitu kadogo kenye kaliharibisha yote. Nilijiangalia: nilivaa shimizi tu, bila koti. Nikamuambia Kabange: "Narudia kuvaa abakosti."

"Baba Mbuyi," (njo vile ananiita, kwa jina ya mutoto yetu wa kwanza) "umevaa muzuri. Tuingie, tutachelewa."

"Na kama baniita mbele?"

"Nani anakuita?"

Nilicheka tu, sawa muntu mwenye siri, na nilirudia. Muangalie: juu ya koti! Kama niliingia na bibi yangu ile saa, ningesikia matangazo tangu mwanzo, na haya yote haingekuya.

Wakati nilifika ku mulango, jasho inanitoka chini ya ile mabega ya fundi, karani alikuwa tayari ku mikro ya kusemea. Mikro yenyewe ilikuwa inakatika, moto ya umeme kutoka Nzilo ile asubui ilikuwa inaenda na kurudia. Nilisikia: "...benye kanisa imebachagua kwa hii kazi ya Mungu, tunaomba basikatae... Tata Ngoie... Tata Sendwe... Tata Kabeya."

Bandugu! Mi sikuingia, niliruka. Nilipita katikati ya biti, moja kwa moja mpaka mbele, na karani, maskini, aliwaza kama kuko muntu alikufa ku nyumba, akanipa mikro.

Karatasi zangu zilibakia mu mufuko ya shimizi, chini ya abakosti yenye nilifunga mpaka shingo. Basi nilisema yenye ilitoka mu roho. Nilisema: "Pasta, bazee, bamama! Mi ni muntu bure. Mutoto ya muntu yenye alitoka Kasai kubeba mawe. Lakini Mungu aliniona! Hii kazi, si kila muntu anaweza kuifanya!"

Nilisikia bamama fulani banakohoa. Niliwaza ni machozi.

"Kuko benye batanicheka! Bacheke! Ata kama inanichafua, ata kama inanuka mbele ya bantu, mbele ya Mungu ni marashi! Nitaitumika kila juma mpaka siku nitakufa, naapa mbele yenu! Bibi yangu atanisaidia, na batoto yangu batafuata kazi ya baba yabo!"

Kwaya yote ilikuwa imeinama, mabega inatingika. Mwepu alikuwa ananifanyia alama ya mikono, sawa muntu anafunga robine, na mi niliwaza ananipa nguvu, njo niliendelea. Pasta alisimama, alifungula mulomo, nilimuonyesha mukono angojee. Kumuzuia Pasta mu kanisa yake! Kisha nilimaliza: "Na lelo, juu ya furaha, bote mukuye kwangu, tukule!"

Kule nyuma nilimuona Kabange anashika kichwa. Ku nyumba kulikuwa kuku mbili, bukari ya unga na majani ya sombe, ya bantu saba.

Karani alikaribia, akasema polepole, lakini mikro ilikuwa mu mukono yangu, na ile saa moto ya Nzilo ilirudia muzuri kabisa: "Tata Kabeya, ni ya musalani."

"Ya nini?"

"Ya kusafisha musalani, tata. Siku ya posho, mbele ya yenga."

Kisha mama mumoja alishindwa kujizuia, na kanisa yote ilianguka. Bantu balicheka na kupigana mu migongo, mwenye kupiga ngoma aliweka ngoma chini, Pasta mwenyewe alijifunika na kitabu ya nyimbo. Mi nilisimama pale na mabega yangu mapana. Nilitafuta uso moja yenye haicheke, na niliipata: bukwe yangu. Aliikala wima, mikono ku fimbo, ananiangalia tu. Ningeona heri acheke.

Na bantu balikuya kula, eee, musidanganyike! Balisikia mwaliko, balikuya. Bamama ba kambi balimuhurumia Kabange, kila mumoja alileta sufuria yake, na lupango ya nyumba yetu ilijaa sawa siku ya ndoa. Kila mwanaume yenye alinipa mukono alisema: "Hongera ya kazi." Nilijibu aksanti. Ningesema nini?

Wakati balianza kutoka, bukwe yangu aliniita kando.

"Kabeya. Siku ya posho utaenda?"

"Bukwe, ilikuwa makosa. Sikusikia muzuri. Na mi ni kapita. Bantu bangu bakiniona na fagio ya musalani, nani atanisikia tena ku kazi?"

"Sikukuuliza kama ilikuwa makosa. Ile maneno ulisema, Mungu aliisikia ao hakuisikia?"

"Aliisikia, Bukwe."

"Basi." Na alienda kulala kidogo. Kesho yake alimuambia Kabange kama hatarudia Kamina siku ya ine vile alipanga, atangojea mpaka kisha siku ya posho. Hakusema juu ya nini. Haikuomba kusema.

Ile juma, bandugu, nilitafuta ugonjwa. Sikuupata. Siku ya posho nilivaa salopeti ya kazi ya zamani, nikabeba ndoo, fagio na majivu, nikapita njia ya nyuma ya manyumba. Ngoie na Sendwe habakukuya (mumoja mugongo, mwengine kilio). Musalani yenyewe, sitabaelezea, juu muko bantu ya heshima. Nitasema tu kama bamama benye miaka mingi balikuwa banavumilia mpaka kurudia kwabo, na wakati ya mvua maji ilikuwa inaingia mule na kutoka na byenye haifai kutoka.

Niko natumika, pua imefungwa na kitambaa, nilisikia: "Bonjour, Kapita!" Nilijua ile sauti. Bantu bangu, bote sita, banatoka ku kazi, banasimama ku lupango ya kanisa. Ile dakika, kama ile shimo ingenitosha, ningeingia.

Na ile dakika njo nyuma yangu mulango ya bati ililia. Bukwe yangu. Alivua koti yake, aliikunja muzuri, aliiweka ku ukuta, akakunja mikono ya shimizi.

"Miaka yote yenye nilihubiri," akasema, "balinipa kiti, balinipa kuku, balinipa na kitanda. Hii kazi, hakuna muntu alinipa. Leta fagio."

Nilimupa. Bantu bangu balituangalia, kapita yabo na muzee wa imvi, banasugua. Mumoja alivua kofia. Kisha mwengine akauliza: "Kapita, hii maji ya mvua inapitia wapi?" Na hapo, bandugu, kitu ilifunguka mu kichwa yangu, juu maji njo kazi yetu! Kama tunaweza kukausha shimo ya shaba, mufereji moja itatushinda? Ile posho tulipima njia. Posho yenye ilifuata tulichimba mufereji, tukaleta robine mpaka karibu, ya kunawa mikono, tukapaka ukuta chokaa. Na mi mwenyewe, mu musalani ya bamama, nilipiga miti ku ukuta ya kushika, juu ya bale benye magoti inabauma.

Bukwe, yeye, alirudia Kamina siku ya kwanza ya kazi, kisha ile posho ya fagio. Ku gare ya treni alinishika mukono akasema tu: "Bakia muzuri, mufanyaji." Nilipeleka ile neno ku nyumba sawa vile muntu anapeleka nyama.

Kisha mwezi moja balisoma majina ya bazee ba kanisa. Yangu haikukuwa mule. Sitasema uongo, iliniuma, ile usiku sikukula muzuri. Lakini posho ilifika, na nilienda.

Na kuko siku moja bamama ba makanisa balikusanyika kwetu, bengine balitoka mbali mpaka Kisenge. Mama mumoja muzee sana, alisimama kusema aksanti, na hakuanza na kwaya, hakuanza na mahubiri. Alisema: "Mi nilizunguka makanisa mingi. Huku njo fasi ya kwanza nilikuta muntu aliwaza juu ya magoti yangu. Huyu mutumishi ya Mungu iko wapi, nimuone?" Bamama balipiga mpundu za shangwe, Pasta alinyoosha kidole kwangu, na kanisa yote iligeuka, ile ile yenye ilinicheka. Bandugu, mi nilisimama na salopeti yangu, na sikutafuta fasi ya kujificha. Sijawahi kuwa murefu vile, ata na mabega ya fundi.

Mpaka lelo, funguo ya ile musalani iko mu mufuko yangu, na batoto yangu babili banashika fagio, vile niliapa bila kujua. Lakini kitu moja niliacha kabisa: kusimama mbele ya kusikia. Nikiingia mu kanisa wakati ya matangazo, naikala, nafungula masikio, nangojea karani amalize mpaka neno ya mwisho, na kama mikro inakatika namuomba arudilie. Kisha njo nasimama. Lakini kusimama, bandugu, nasimama.