Sumaku kwenye Ubavu wa Shevrole

Juzi Tegeta nilimwona mnunuzi wa magari ya zamani akipitisha sumaku kwenye ubavu wa Shevrole ya Kimarekani. Mie mwenye malori manne, niliyeishia darasa la tano, nikacheka peke yangu.

Nyumbani Temeke tulikuwaga na Shevrole kama ile, imekufa, imegeuzwa banda la kuku. Ilinuka kinyesi na viti vilivyochomwa na jua. Alasiri moja akaja mgeni, akatoa kitu mfukoni, akawa anakipitisha milangoni huku akinong'ona. Kila alipokigusisha kikanata. Nikamkimbilia baba.

“Baba, kuna mtu anawanga mchana kweupe!”

Baba akatoka na panga. “We bwana, unawanga kwangu?”

“Nataka kununua, mzee! Naangalia tu kama bati ni lake lenyewe.”

“Kaangalie kwenu!”

Mgeni akatimua mbio. Sasa najua kwamba sumaku hainati palipozibwa kwa pati, ile rojo ya mafundi bodi ya kuzibia kutu na mibonyeo. Gari letu lilikuwa bati lake tupu, bila pati, na gari la hivyo leo linanunuliwa kwa bei ya nyumba. Sie tuliliuza kama chuma chakavu.

Jioni ile baba alinisifu kwa majirani, “Huyu ana macho,” akanipa yai la kuchemsha. Lilitagwa kwenye kiti cha nyuma cha Shevrole.