Aliyemfundisha Mgombea

Gélase alikuwa wakala wa forodha katika bandari ya Bujumbura kwa miaka ishirini na sita. Mzigo ukitoka Kigoma, yeye ndiye aliyejua karatasi ipi itangulie na ofisa yupi asisumbuliwe kabla ya chai. Mpaka wa Rwanda ulipofungwa, wafanyabiashara walimfuata hadi nyumbani kwake, mtaa wa Kamenge, kumuuliza mali yao ipite njia gani. Alipenda kuulizwa. Alijibu polepole, kama mtu anayeonja.

Ukaja uchaguzi wa wabunge, na safari hiyo hakuna aliyetaka kusikia habari za madarasa wala mitaro. Watu waliuliza mpaka utafunguliwa lini, askari wetu watarudi lini kutoka Congo, na wale waliovuka mto Rusizi wakikimbia vita watakaa mpaka lini. Chama kidogo ambacho Gélase alikuwa na kadi yake kikatafuta mtu wa kuyasemea hayo. Gélase alinyoa ndevu, akapeleka suti kwa dobi, akangoja kuitwa.

Wakamwita Rénovat.

Rénovat alikuwa amefika bandarini miaka tisa nyuma, mtu mzima mwenye diploma, asiyejua hata hati ya shehena inasomwaje. Gélase ndiye aliyemfundisha, ukurasa kwa ukurasa. Sasa sura yake ilitabasamu kwenye mabango ya kampeni toka mtaa wa Kinanira alikokaa hadi kwenye duka lililo mkabala na mlango wa Gélase. Kila asubuhi Gélase alitoka akiangalia chini.

Jumapili moja, wamerudi misa, mkewe Orlane alifungua redio. Rénovat alikuwa anasema, "Unaweza kufunga barabara. Njaa haina mpaka."

"Anasema vizuri, huyu," Orlane akasema, akimenya ndizi.

"Hayo ni maneno yangu!"

"Yako? Mbona mi sijayasikia, Papa Mélissa?"

"Niliyasema bandarini."

"Kumbe. Sasa yeye ameyasema kwa redio."

Gélase hakula siku hiyo. Alikaa na daftari, akatunga swali la kumwaibisha Rénovat mbele za watu. Alilifuta mara nne, akalinoa mpaka likawa kama sindano.

Mkutano wa Kamenge ulijaa. Rénovat alipomaliza hotuba, Gélase akanyoosha mkono kabla ya wote.

"Mheshimiwa mgombea," alisema. "Mzigo wa Congo umefika hapa kwetu kutoka Kigoma. Kesho yake vita vimefunga bandari ya kule. Mzigo huo unatoka hapa kwa karatasi gani, na kwa sheria ya nchi ipi?"

Watu wote wakamgeukia mgombea. Rénovat alimtazama, akainamisha kichwa kidogo.

"Hilo sijui," alisema. "Mutu aliyenifundisha kazi ni huyo aliyeuliza. Muzee Gélase, utusaidie."

Ikambidi ajibu. Alijibu vizuri, hata wanafunzi waliokuwa nyuma wakaandika. Lakini makofi yalipolia, hayakuwa yake. "Mugombea hana majivuno!" mwanamke mmoja alipaza sauti. "Huyo ndiye anafaa!" Gélase akarudi nyumbani na jibu lake sahihi, limemkaa kifuani kama chakula kibichi.

Siku ya kura, akiwa peke yake nyuma ya pazia, alitia kwenye bahasha karatasi ya chama kingine. Hata majina hakuyasoma.

Orodha ya wagombea wa chama cha Rénovat haikupata kiti hata kimoja. Usiku ule Gélase alilala usingizi mzito, wa kwanza kwa wiki nyingi. Kulipokucha akaenda kazini akipiga mluzi, na mluzi ukamfia getini. Wapakuzi walikuwa wamemzunguka Rénovat kama mfiwa. Huyu anamshika mkono, yule anamwambia jina lake sasa linajulikana. Mama mmoja muuza samaki alikuwa amemletea mukeke wawili wakubwa. Gélase akagundua kwamba anaonea wivu hata zile pole. Yeye hakuwahi kupewa nafasi, hata ya kushindwa.

Saa sita Rénovat akaja mezani kwake. "Muzee, nimerudi kazini. Hujanipa pole."

"Mi sikukuchagua," Gélase alisema. Alishangaa kusikia sauti yake. "Lile swali pia nilitaka likuangushe. Ni wivu tu. Hakuna kingine."

Rénovat alivuta kiti, akakaa. "Walipokuja kunitafuta, niliwaambia wakuchukue wewe. Mara mbili. Wakasema, apana, yule akianza kusema hanyamazi."

Gélase alihisi uso ukimwaka. Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Orlane angesema hivyohivyo. Akavuta faili ya shehena ya sukari, akazigawa karatasi zake nusu kwa nusu.

"Hizi zako. Angalia mihuri vizuri."

Wanafanya kazi pamoja mpaka leo. Mtu akija kumuuliza Rénovat habari za mipaka, Gélase huacha kalamu na kusikiliza. Rénovat akikosea jambo, hata dogo, humsahihisha palepale, kwa sauti ya kusikika na wote.